Mtu wa Pwani na njia fupi za theluji: jibu kwa muuguzi wa Tudor

Msomaji mmoja wa Tudor, Mombasa, ameniandikia kwamba yeye ni muuguzi mwenye umri wa miaka 29, kwamba mwezi wa Novemba atahamia Munich, Ujerumani, kikazi, na kwamba wauguzi atakaofanya nao kazi, ambao ameshazungumza nao kwa simu, wana desturi ya kupanda milima kila Jumapili hata theluji ikiwa imeanguka. Wamekwisha kumwalika. Yeye hajawahi kuona theluji kwa macho yake, na usiku mmoja aliolala Wundanyi, kwenye milima ya Taita, alitetemeka mpaka alfajiri chini ya mablanketi mawili. Anauliza kama mtu aliyezaliwa na kulelewa Mombasa anaweza kuingia katika matembezi hayo bila kujidhuru, aanze vipi, avae nini, na kama itamfaa kuomba ruhusa ya kukaa kidogo katika chumba cha barafu cha wauza samaki ili mwili wake uzoee.

Dada yangu, unaweza, na chumba cha barafu waachie samaki wenyewe. Mwili huzoea baridi kwa wiki nyingi za kukaa nayo kidogo kidogo kila siku, hasa mikononi na usoni. Robo saa ya kusimama katikati ya makreti ya nguru haitakufundisha lolote ila kutamani kutoka. Mimi nilizaliwa Mji wa Kale, nikaongoza wageni Kilimanjaro na Mlima Kenya kwa miaka kadhaa, kisha nikakaa majira sita ya baridi kusini mwa Bavaria, jimbo la Ujerumani lenye mji wa Munich, na jambo la kwanza ninalotaka ulishike, kabla ya viatu na kabla ya jaketi, ni kwamba mtu wa Pwani mlimani hashindwi na baridi yenyewe. Anashindwa na jasho lake.

Kwetu jasho ni rehema. Linatoka, upepo wa kusi unalipitia, mwili unapoa, nawe unaendelea na shughuli zako. Kwenye theluji kazi ni ile ile, ila hakuna anayeweza kuizima: ukisimama, jasho lililolowesha nguo linaendelea kukunyang'anya joto wakati mwili umeacha kulitengeneza. Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo fulana iliyolowa chini ya jaketi la bei kali ni sawa na kutokuwa na jaketi. Nililipata somo hili katika mwezi wangu wa kwanza huko. Kwa hofu ya baridi nilivaa fulana mbili za pamba, sweta mbili na jaketi nene la manyoya ya bata, nikapanda kwa kasi ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba ameshafika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na kilima cha mita 1,200 hakiwezi kumtisha. Nilifika juu nikiwa nimelowa kama niliyetoka kuoga baharini. Tuliketi kula. Baada ya dakika kumi na tano vidole vyangu havikuweza kufungua kifuniko cha chupa ya chai, na bibi mmoja wa makamo, ambaye nilikuwa nimempita njiani kwa madaha, ndiye aliyenifungulia na kunipa shati kavu kutoka mkobani mwake.

Kwa hiyo anza kutembea ukiwa unahisi baridi kidogo. Jambo hili litakuwa gumu kwako kuliko kupanda kwenyewe, kwa sababu kila hisia uliyolelewa nayo itakuambia ujifunike, lakini ukiwa na joto la kupendeza pale mnapoanzia utakuwa umelowa baada ya dakika ishirini. Tembea dakika kumi, kisha simama uvue safu moja hata kama wenzako hawajasimama. Ukianza kuhisi unyevu mgongoni, punguza mwendo. Kasi sahihi ni ile ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Na mnapofika mahali pa kupumzika, vaa jaketi nene mara moja, kabla ya kuhisi baridi, kwa kuwa joto likishatoka kulirudisha ni kazi.

Nguo zenyewe hupangwa kwa safu tatu. Ya ndani, inayogusa ngozi, iwe ya sufu nyembamba ya kondoo wa merino au ya polista, isiwe ya pamba hata kidogo. Ya kati iwe flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, au sweta ya sufu. Ya nje iwe jaketi jepesi la kuzuia upepo na unyevu, na ndani ya mkoba kuwe na jaketi nene la kuvaa mkiwa mmesimama, pamoja na shati moja kavu la akiba lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Upepo usiudharau: nyuzi 5 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 13 chini ya sifuri.

Umetaja kwamba unavaa hijabu. Hiyo ni neema mlimani, kwa sababu inafunika masikio na shingo, mahali ambapo wenzako watakuwa wakihangaika na kofia na skafu, lakini angalia kitambaa chake. Mtandio wa pamba hunywa jasho la shingo na mvuke wa pumzi, kisha huganda ukawa kama ubao. Tafuta wa polista inayovutika au wa sufu nyembamba, uuingize ndani ya kola, na juu yake uvae kofia ya sufu. Kanga, nayo ni pamba, chukua moja ya kutandika unapokaa au kujifunga nyumbani, lakini usiivae njiani.

Usinunue kila kitu Ujerumani. Watu wa Mombasa hawagombanii sweta za sufu wala majaketi ya baridi, kwa hiyo katika mitumba ya Kongowea vitu hivi huuzwa kwa bei ya kutupa, hasa ukifika mapema wakati marobota yanafunguliwa. Soma lebo ya ndani: ikiandika pamba, rudisha, hata kama nguo ni nene na nzuri. Viatu ndivyo visivyofaa kununuliwa huku, maana unahitaji kuvijaribu ukiwa na soksi utakazovaa. Kosa ambalo watu wetu wengi hulifanya ni kuvaa jozi mbili za soksi nene ndani ya kiatu kinachobana. Damu haipiti vizuri na vidole hupoa haraka kuliko ambavyo vingepoa kwa jozi moja. Vidole vya miguu viweze kuchezacheza ndani ya buti.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa vitabu vingi vya milima vimeandikwa na watu weupe kwa ajili ya watu weupe. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupata majeraha ya baridi ya vidole vya mikono na miguu kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao weupe, hata wakiwa katika mazoezi yale yale. Mishipa ya damu ya vidole vyetu, kwa wastani, hujibana zaidi kwenye baridi na huchelewa kufunguka tena. Sababu hiyo haitoshi kukufanya ubaki nyumbani. Inatosha kukufanya ubebe jozi mbili za glavu, moja nyembamba ya ndani na moja nene isiyotenganisha vidole, ambayo hutunza joto kuliko ile ya vidole vitano. Inatosha pia kukufanya usiwaige wenzako wanapovua glavu ili kupiga picha.

Tena, vitabu husema mtu atambue ngozi inayoanza kuganda kwa kuwa inageuka nyeupe. Kwenye ngozi yako weupe huo hautaonekana kwa urahisi. Utaona labda rangi ya kijivu, kama majivu yamepakwa, au hutaona kitu. Tegemea hisia badala ya macho. Kidole kinachouma kwa baridi bado kipo hai na kinakuomba msaada. Kidole kilichokuwa kinauma kisha kikanyamaza bila wewe kufanya lolote ndicho cha kukuogofya. Kitie kwapani mwako au ndani ya kiganja chenye joto, geuka uteremke, na usikisugue, wala kwa theluji wala kwa mkono mkavu, kwa kuwa kusugua huchana tishu zilizoganda. Wewe ni muuguzi, sihitaji kukueleza kwamba joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hipothemia. Nitakuongezea tu kwamba mlimani dalili zake huonekana kwanza kama tabia: mtu mcheshi ananyamaza, anajikwaa, anashindwa kufunga zipu, anasema yuko sawa kwa sauti ya mlevi. Na kama una pumu, hewa baridi na kavu inaweza kuichochea, kwa hiyo pumua kupitia kitambaa chepesi. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao si mgeni kwetu Pwani, azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu baridi ni mojawapo ya vichocheo vinavyojulikana vya maumivu yake.

Sasa kuhusu kuanza. Kabla hujaondoka, tembea kwenye mchanga mlaini wa Nyali, ule wa juu ambao maji hayajaukaza, saa moja mara tatu kwa wiki, ukiwa na kilo tano mkobani. Theluji isiyokanyagwa humchosha mtu kwa namna inayokaribiana sana na mchanga huo. Ukipata wikendi, rudi Taita ukapande mlima wa Vuria, mita 2,208, ukiwa umevaa safu zako, ili ujue mapema ni lini jasho linaanza na safu ipi unaivua kwanza. Hilo ni zoezi bora kuliko friza.

Ukifika Munich usikubali mwaliko wa Jumapili ya kwanza. Wiki tatu au nne za mwanzo tembea nusu saa kila siku mjini, kando ya mto Isar au ndani ya bustani kubwa ya Englischer Garten, kwenye nyuzi tatu au nne juu ya sifuri, ukisoma tu vidole vyako vinafanya nini. Theluji ikianguka, nenda kwa treni hadi Gmund, ambako ni mwendo wa chini ya saa moja kutoka mjini, utembee kandokando ya ziwa Tegernsee mpaka kituo cha mwisho cha reli, kinachoitwa Tegernsee vilevile. Ni kilomita chache, njia karibu ni tambarare, na ukichoka kuna treni ya kukurudisha. Nenda mara mbili, siku ya jua na siku ya mawingu, kwani hizo ni nchi mbili tofauti.

Baada ya hapo mlima unaokufaa uko juu ya kituo hicho hicho: Neureuth, wenye nyumba ya chakula kileleni kwenye mita 1,260 hivi, ilhali ziwa liko kwenye mita 725. Unapanda zaidi kidogo ya mita 500 kwa njia ya msituni inayokanyagwa na watu wengi. Hewa hupoa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kileleni kutakuwa na baridi zaidi kwa nyuzi tatu au zaidi kidogo. Lakini usishangae siku nyingine ukikuta kinyume, ziwa limefunikwa na ukungu mzito wenye baridi na juu kuna jua linalokufanya ufungue jaketi, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutuama mabondeni. Kimo hicho hakina shida ya upungufu wa hewa tunayoijua Lenana ya Mlima Kenya au Kibo ya Kilimanjaro. Panda Neureuth mara tatu kabla ya kufikiria mlima mwingine, na kama hamu ya kuona theluji ya juu kabisa imekuzidi, kuna gari la kamba, lile linaloning'inia hewani, hadi Zugspitze, mita 2,962, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, ambako utatazama, utapiga picha, na kuteremka kama ulivyopanda.

Nikiwaza safari yako nakumbuka kwamba mwaka 1848 Mjerumani aliyeitwa Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, hapo nyuma ya Mombasa, alikwenda bara na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake alimwambia kitu kile ni baridi, basi. Wataalamu wa jiografia wa Ulaya walimkejeli kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kiongozi yule hakuwa na neno la theluji, lakini alijua jambo lililokuwa muhimu kwa mtu anayetaka kurudi nyumbani salama.

Jambo la pili kwa uzito baada ya jasho ni saa, na hapa wewe una elimu ambayo wenzako wa Munich hawana. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, watu wetu hushuka mpaka mwambani kutafuta pweza, na hakuna hata mmoja anayepanga kurudi atakapochoka au atakapojaza kikapu. Hurudi maji yanapogeuka, awe amepata au hajapata. Mlima wa theluji utembee hivyo hivyo. Mwishoni mwa Desemba jua la Munich huchomoza saa mbili asubuhi na kutua saa kumi na dakika ishirini hivi, na msituni giza hutangulia. Vibao vya njano vya njia za milimani huandika muda badala ya kilomita, na muda huo ni wa njia kavu. Kwenye theluji ongeza nusu yake. Mkianza saa nne asubuhi, wekeni saa saba na nusu kuwa ndipo maji yanapogeuka: popote mlipo, hata kama nyumba ya chakula mnaiona mbele yenu, mnageuka. Semeni saa hiyo kwa sauti mkiwa bado kituoni, maana mkiiacha mpaka juu itakuwa mjadala. Swala ya alasiri, ambayo huko majira hayo huingia karibu saa nane mchana, ikukute tayari mnateremka. Tochi ya kichwani ibebe hata hivyo.

Kuteremka ndiko kunakovunja watu mikono. Asubuhi theluji ya njiani huwa laini, mchana hukanyagwa na kuyeyuka kidogo, jua likishuka huwa barafu. Tembea kama unavyotembea juu ya mwani kwenye mwamba: hatua fupi, magoti yamelegea, unyayo wote ukitua kwa pamoja, uzito juu ya mguu wa mbele. Woga humfanya mtu aegemee nyuma, na anayeegemea nyuma huanguka. Nunua minyororo midogo yenye meno ya chuma inayovutwa juu ya kiatu kwa mpira; dukani iulizie kwa jina la Grödel. Ni kitu kidogo, kinaingia mkobani, na kwa njia kama ya Neureuth sidhani kuna fedha utakayoitumia vizuri zaidi. Fimbo mbili za kutembelea zinasaidia pia, zenye visahani mwishoni ili zisizame.

Kuhusu maporomoko ya theluji nitasema machache, kwa sababu njia ninazokuelekeza haziyaelekei. Idara ya tahadhari ya Bavaria hutoa taarifa kila siku wakati wa majira ya baridi, kwa viwango vya 1 hadi 5. Mtu hudhani hatari ni 5. Ukweli ni kwamba katika milima ya Alpu karibu nusu ya vifo hutokea siku za kiwango cha 3, kwa kuwa siku za 4 na 5 watu wengi hubaki nyumbani. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko yenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 30, lakini humfikia hata anayetembea kwenye tambarare iliyo chini yake. Mwaka wako wa kwanza usikanyage mteremko wazi usio na miti wala kupita chini yake, na kiwango kikiwa 3 au zaidi baki njia za ziwani na za msituni zilizotangazwa kuwa ziko wazi.

Chakula kwako ni rahisi. Tende, kashata na halua ni vyakula vya mlimani ambavyo wenzako hununua kwa majina mengine katika vijaluba ghali. Weka mfukoni karibu na mwili ili visiwe vigumu. Kunywa hata kama kiu haipo, kwa sababu hewa kavu hukausha kupitia pumzi, na usijinyime maji kwa kuogopa haja ndogo njiani; wenzako wanawake wanajua pa kujisitiri, waulize bila haya. Chai ya tangawizi itie katika chupa ya kutunza joto, na chupa ya maji ya kawaida iweke kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Simu iwe ndani ya jaketi, kwani betri huishiwa nguvu kwenye baridi. Miwani ya jua si mapambo: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayochoma macho, na ngozi nyeusi nayo huungua midomo na pua.

Namba ya dharura ni 112. Simu ikizimika, ishara ya kuomba msaada katika Alpu ni filimbi au mwanga mara sita ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kunyamaza, kisha tena. Anayekusikia hujibu mara tatu kwa dakika.

Ukirudi nyumbani jioni utavutiwa kuviweka viatu juu ya hita. Usifanye hivyo, gundi ya soli hupasuka. Toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, yabadilishe kabla ya kulala, na Jumatatu viatu vitakuwa tayari.